Hisa za ndege na roketi: wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wauliza

SWALI: Mhariri, salaam. Nafanya biashara ya mbao Mafinga, na msimu huu nimebakiza kama shilingi milioni 3. Kijana wangu anayesoma Iringa mjini kanionyesha kwenye simu grafu ya hisa za Rocket Lab, kampuni ya roketi ya Marekani. Anasema watu wote wanakimbilia huko. Nami niingie?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Mzee wetu, grafu inakuonyesha bei waliyolipa wenzako. Haikuonyeshi kampuni ina fedha kiasi gani mkononi wala inazimaliza kwa kasi gani, na kwa kampuni ya roketi hayo ndiyo mambo ya kutazamwa kwanza.

Rocket Lab ilianzishwa New Zealand mwaka 2006 na Peter Beck, na hisa zake ziliingia soko la Nasdaq Agosti 2021. Roketi yake ndogo, Electron, hubeba hadi kilo 300 kwenda mzunguko wa chini wa dunia. Wengi wanadhani kampuni inaishi kwa nauli ya kurusha satelaiti. Ukweli ni kwamba mwaka 2024 mauzo yake yalikuwa takriban dola milioni 436, na zaidi ya theluthi mbili yalitokana na kutengeneza vyombo vya anga na vipuri vyake, kama paneli za jua. Mwaka huohuo ilipata hasara ya karibu dola milioni 190.

Sasa linganisha. Mwaka 2023 mauzo yalikuwa karibu dola milioni 245, kwa hiyo hayakuongezeka hata mara mbili. Hisa iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola 5 katika nusu ya kwanza ya 2024 ilivuka dola 20 kabla mwaka haujaisha. Pengo hilo ni matumaini, na sehemu kubwa ya matumaini hayo imewekwa kwenye roketi kubwa ya Neutron, iliyobuniwa kubeba kilo 13,000. Ilipotangazwa mwaka 2021 lengo lilikuwa iruke 2024. Mwaka 2024 ukapita, 2025 nao ukapita. Kuchelewa si ajabu katika kazi hii, maana injini mpya hujaribiwa ardhini mara nyingi na tanki likipasuka kwenye jaribio ratiba nzima husogea. Lakini kila mwezi wa kuchelewa mishahara inalipwa na mauzo ya roketi hiyo hayajaanza.

Kwa hiyo mwambie kijana akufanyie kazi hii. Aingie tovuti ya SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, ambako kusoma ni bure, aandike jina la kampuni na kufungua ripoti ya robo mwaka, fomu 10-Q. Atafute fedha taslimu pamoja na dhamana za muda mfupi, kisha fedha zilizotumika katika shughuli za kawaida pamoja na zile za kununua mitambo. Agawanye za kwanza kwa hizi za pili. Kampuni yenye dola milioni 400 inayotumia milioni 50 zaidi ya inazoingiza kila robo ina robo nane, yaani miaka miwili. Zikikaribia kuisha itauza hisa mpya, na hapo ndipo wengi huumia bila kujua. Kama kampuni ina hisa 100 nawe unazo 10, umiliki wako ni asilimia 10. Ikitoa nyingine 25, umebaki na asilimia 8, wala hujauza kitu. Basi alinganishe idadi ya hisa ya mwaka huu na ya mwaka jana. Idadi hiyo iko ukurasa wa kwanza wa fomu, na ajabu ni kwamba hakuna anayeiangalia.

Hali ikiwa mbaya zaidi, kampuni huunganisha hisa ili bei isishuke chini ya kiwango cha chini kinachotakiwa na soko. Virgin Galactic, ya safari za kitalii za anga, ilifanya hivyo Juni 2024: kila hisa 20 zikawa moja. Mwenye 200 aliamka na 10. Ukitazama grafu iliyorekebishwa utaona bei za zamani za mamia ya dola, hata zaidi ya elfu moja, ambazo hakuna aliyewahi kulipa kwa hisa moja.

Ushauri wetu: fedha ya kukodi gari na kulipa wapasuaji msimu ujao isiguswe. Katika kitakachobaki, sehemu moja ya kumi inatosha kwa kampuni ambayo bado inakula hasara.

SWALI: Je, Boeing si salama zaidi? Hata ATCL, shirika letu la ndege, inanunua kwao, na wana oda za miaka mingi mbele.
Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Oda si fedha. Anayeagiza ndege hutoa malipo ya awali kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya bei hulipwa siku ndege inapokabidhiwa. Kwa hiyo namba ya kufuatilia ni ndege zilizokabidhiwa, ambazo Boeing na Airbus huzitangaza kila mwezi.

Mwaka 2024 Airbus ilikabidhi ndege 766, Boeing 348. Boeing ilikuwa na oda zaidi ya 5,000 wakati huo, lakini Januari 5 ya mwaka huo kipande cha ubavu wa 737 MAX 9 ya Alaska Airlines kiling'oka angani. Wakaguzi wa serikali wakabana kasi ya uzalishaji, kisha mafundi wakagoma kuanzia Septemba hadi Novemba. Ndege hazikutoka, fedha hazikuingia, na Oktoba kampuni ikauza hisa na dhamana mpya za zaidi ya dola bilioni 20. Ni lile jambo tulilomweleza mzee wa Mafinga, ila kwa kampuni kubwa. Gawio lake, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, nalo lilisimamishwa mwaka 2020.

Tena kiwanda cha ndege kinategemea wengine. Baadhi ya Airbus A220 za ATCL yenyewe zililazimika kukaa chini kwa sababu ya injini za Pratt & Whitney, na Airbus si mtengenezaji wa injini hizo. Mmiliki wa Pratt & Whitney ni RTX. Mwezi Julai 2023 ilipotangaza kasoro ya unga wa metali katika injini nyingine za familia hiyo, hisa zake zilianguka kwa takriban asilimia 10 siku hiyohiyo.

SWALI: Nina laki tano tu. Nikinunua hisa za Marekani nikiwa Njombe, gharama zikoje?
Mkulima wa parachichi

JIBU: Hapo ndipo faida nyingi hufia. Tuseme dola moja ni shilingi 2,600: laki tano ni dola 192. Tuseme ada ya benki ya kutuma nje, ya benki ya katikati inayopitisha fedha na ya kubadilisha fedha zinafika dola 40. Umebaki na 152. Hisa lazima ipande asilimia 26 ndipo urudi ulipoanzia, na bado hujalipia fedha kurudi nyumbani. Ada ya kutuma haipungui kwa sababu kiasi ni kidogo, kwa hiyo afadhali ukusanye utume mara moja kuliko kutuma laki laki.

Kabla ya kutuma, iandikie benki yako ikueleze taratibu za BoT, Benki Kuu yetu, kuhusu kuwekeza nje, kwa sababu kanuni zimelegezwa zaidi kwa Afrika Mashariki na SADC kuliko kwa Marekani. Dalali wa hisa atakutaka ujaze W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wake. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo gawio hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia.

Soko la New York hufunguliwa saa 10:30 jioni kwa saa zetu wakati wa kiangazi chao, na saa 11:30 wakati wa baridi. Weka oda yenye kikomo cha bei. Oda isiyo na kikomo dakika za kwanza za soko hununua kwa bei yoyote iliyopo, na hisa za roketi huyumba sana hapo.

SWALI: Kuna kundi la WhatsApp hapa Tukuyu linauza hisa za kampuni ya anga kabla hazijaingia sokoni, faida asilimia 10 kwa wiki. Wengine wanatumia programu ya simu yenye mkopo mara tano. Kipi bora?
Msomaji, Rungwe

JIBU: Hakuna. La kwanza ni utapeli: hisa haina faida ya wiki iliyopangwa. Tafuta jina la muuzaji kwenye orodha ya wenye leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Tanzania. Asipokuwemo, usitume hata senti kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

La pili, soma masharti uone kama unanunua hisa yenyewe au mkataba wa tofauti ya bei. Ukiwa na mkataba humiliki chochote na unatozwa kila usiku. Kwa mkopo mara tano, yaani laki yako moja inabeba hisa za laki tano, hisa ikishuka asilimia 20 mtaji wako wote umekwenda.

SWALI: Je, DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, hakuna kampuni ya anga?
Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Za kutengeneza ndege hakuna. Iliyo karibu ni Swissport Tanzania, inayohudumia abiria na mizigo viwanjani. Mapato yake hufuata idadi ya safari, na roketi haiigusi. Precision Air nayo ipo tangu 2011, iliuzwa shilingi 475 kwa hisa. Hisa zake hubadilishana mikono kwa nadra, kwa hiyo kabla ya kununua mwulize dalali ni ngapi ziliuzwa mwezi uliopita. Kufungua akaunti unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na akaunti ya benki, na gawio la kampuni zilizoorodheshwa hukatwa asilimia 5.