Pupa zangu zinatoka nyigu badala ya vipepeo, nipige dawa?

Swali: Niko karibu na Gede, nafuga vipepeo wa ndimu. Viwavi wanakula vizuri mpaka wananenepa, lakini wakishakuwa pupa, ule usingizi kabla ya kuwa kipepeo, nyingi zinageuka kahawia, zinatoboka katundu na wanatoka vidudu kama nyigu wadogo sana. Nipige dawa gani?

Jibu: Dada, dawa weka mbali kabisa, itakuulia viwavi kabla ya hao nyigu. Hata jirani akipuliza ndimu zake mwombe akwambie mapema, na majani ya kwake usichume.

Hao nyigu wanataga ndani ya pupa ikiwa bado laini, yaani kiwavi akishavua ngozi tu, kwa hiyo ukiona tundu kazi ilishaisha siku nyingi. Shida ni neti yako. Neti ya mbu ya kawaida matundu yake ni makubwa kwao, tafuta kitambaa chepesi cha kusokotwa karibu karibu, kama cha shela, ushone mfuko uufunge kwenye tawi na viwavi humo humo tangu wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege. Ukikuta funza amening'inia na uzi mweupe chini ya kiwavi, huyo funza ni mtoto wa inzi, mdudu mwingine kabisa, ila kinga ni ile ile. Pupa mbovu choma moto, usitupe chini ya mti, nyigu watatoka humo wakurudie.

Kabla ya kupeleka kuuza gusa kila pupa taratibu. Nzima hujipinda, mbovu imekaa tu kama kijiti. Mnunuzi wa Uingereza akifungua boksi akakuta nyigu oda inayofuata usiitegemee, na usicheleweshe, tangu kiwavi awe pupa ni wiki mbili hivi kipepeo anatoka.

Halafu jike wa kutaga mayai usitoe kwenye kizazi hicho hicho kila mara, ingiza mpya. Wa ndimu utampata hata shambani, lakini ukitaka Charaxes, wale vipepeo wa msituni, utatega kwa ndizi iliyooza pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, bila miti ile hakuna jike. Mradi wa Kipepeo, wa majirani wa msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa, ulipoanza Gede 1993 majirani wengi walikuwa wanataka msitu ukatwe wapewe mashamba, sasa hebu fikiria jike ungemtega wapi. Majani ya kulisha lakini panda mwenyewe, usivune msituni.

Na kama unaweka viwavi mezani, miguu ya meza ipake grisi, sisimizi hawajali neti.