Mgonjwa ananiuliza ana maradhi gani, wazee wake hawataki ajue

SWALI: Assalamu alaykum, Daktari. Mimi ni afisa tabibu katika kituo kimoja cha afya huku Kaskazini Pemba. Nina kijana wa miaka 24 ambaye daktari bingwa amethibitisha kuwa ana maradhi ya akili ya skizofrenia. Mama yake na mjomba wake wameniomba nimwambie kuwa ni mawazo na uchovu tu, kwani wanahofia atakata tamaa, na habari zikienea posa ya dada yake itavunjika. Kijana mwenyewe ameshaniuliza mara mbili, "Nina nini mimi?" Nifanye lipi?

JIBU: Waalaykum salaam. Kwa kuwa ameuliza mwenyewe, na mara mbili, rai yangu ni kwamba aambiwe, na aambiwe na wewe anayekuamini; ila usianze na jina la maradhi, wala usianze kabla hujakaa na wazee wake.

Hofu yao usiihesabu kuwa ni ujinga. Wanajua neno "mwendawazimu" linavyotembea mtaani: likishatoka nje ya mlango halimgandi aliyeugua peke yake, linaingia katika posa ya dada yake, na miaka mingi baadaye watu bado wanaulizana kama kwao hakuna hayo. Kwa hiyo waulize hasa wanaogopa nini, kisha waoneshe kwa vitendo kwamba siri itabaki kwako: humwiti kwa sauti mbele ya foleni, na neno hilo huliandiki juu ya jalada la kadi yake.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo jamaa wengi hawalioni mpaka waelezwe. Mtu mwenye skizofrenia mara nyingi anaamini kwamba watu wanamsema na wanapanga jambo nyuma yake. Sasa mama na mjomba wakinong'ona na tabibu, wakanyamaza pale anapoingia, na vidonge vikasagwa ndani ya uji wake, basi kile ambacho maradhi yalikuwa yakimdanganya kimekuwa kweli. Nilipata kumtibu kijana ambaye sote tulikubaliana kumficha, na mimi nikiwemo. Siku moja, ndani ya gari akirudi kwao, aliifungua kadi yake, akaliona neno lililoandikwa kwa kalamu nyekundu, akalitafuta kwenye simu, na alipofika nyumbani alikwisha kuamua kwamba hakuna anayemwambia kweli. Aliacha dawa miezi mitano, na kosa hilo ninalibeba mpaka leo. Waeleze wazee wake kwamba atakuja kujua tu; kilichomo mikononi mwenu ni kuchagua nani amwambie na kwa maneno gani.

Kuhusu maneno, liko funzo kutoka Japani. Huko madaktari walikuwa wakiwaficha wagonjwa kwa sababu jina la zamani lilikuwa na maana ya akili iliyopasuka. Mwaka 2002 chama chao cha madaktari wa maradhi ya akili kiliweka jina jipya, lenye maana ya akili kushindwa kuoanisha mambo yake, na wagonjwa waliokuwa wakielezwa maradhi yao wakapanda kutoka kiasi cha 37 katika kila 100 hadi karibu 70 ndani ya miaka 3. Sisi hatuna neno letu lililotulia na lisilo na aibu, kwa hiyo mweleze kwanza yale anayoyajua yeye mwenyewe: "Zile sauti unazozisikia usiku, na ule usingizi uliokukimbia, vyote vinatoka katika maradhi mamoja ya ubongo, na yana dawa." Mwache aulize. Akitaka jina, mpe jina, na hapo hapo umwambie kwamba wapo watu wenye maradhi hayo wanaofanya kazi, wameoa na wana watoto. Muulize pia angependa nani akae naye mnapozungumza. Usistaajabu akimtaja mjomba yule yule.

Mjomba akisema kuwa ni shetani, usishindane naye. Kombe analokunywa kijana, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya za Qur'ani, halizuii vidonge kufanya kazi, na kauli ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa inasikika vyema zaidi nyumba hiyo kuliko mhadhara wako kuhusu ubongo. Simama imara pale tu anapoambiwa aache dawa, au anapofungwa kamba.

Kwa wagonjwa wengine watakaokujia, usikimbilie kutaja jina katika tukio la kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dalili ziwe zimedumu angalau mwezi 1, na ule wa Marekani unataka miezi 6. Tena kwetu huku malaria kali, kifafa, bangi na unga vinaweza kumvuruga mtu vivyo hivyo. Hadi hapo, kusema "bado tunachunguza" ni kusema kweli.

Baada ya kumweleza, mpangie kurudi ndani ya wiki moja. Wapo wanaovunjika moyo siku chache baada ya kujua, na kiasi cha watu 5 katika kila 100 wenye maradhi haya huishia kujiua, hasa katika miaka ya mwanzo. Atakaporudi, muulize waziwazi kama amewahi kutamani kufa, na mama yake awe amekwisha kujua kwamba swali hilo halimpandikizi mtu wazo, na kwamba akisikia mwanawe anasema hivyo nyumbani asisubiri tarehe ya kliniki, amlete siku hiyo hiyo.