Isimila baada ya mvua za Kitwiru

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukirudi kwenye kivutio maarufu cha mji uliohamia, baada ya kuwa mwenyeji, unaona kilekile ulichokiona ulipokuwa mgeni? Mimi nitajibu kwa Isimila, na jibu langu ni hapana. Ila kilichonifumbua macho ni mvua, si kukaa sana.

Isimila iko kama kilometa 20 kutoka Iringa mjini, ukiishika barabara ya Mbeya. Nilipofika kutoka Tanga, wenzangu wa kazini walinipeleka mapema. Tukashuka korongoni, tukapiga picha chini ya zile nguzo za mchanga ulioshikamana, tukarudi mjini kula. Mtu angeniuliza nguzo zimetokeaje, ningemwambia Mungu kaziumba hivyo.

Kisha nikapanga nyumba Kitwiru, hapahapa Iringa mjini, kwenye mteremko. Mvua zilipokolea, nyuma ya uzio kikaanza kijifereji. Msimu haujaisha kimeshakuwa korongo la kumeza ndoo. Mwenye nyumba akaleta viroba vya mchanga. Jirani yangu, mama mtu mzima, akavitazama, akasema, "Baba, hivyo vitaoza. Panda mabingobingo." Nikapanda majani hayo. Katika kulilinda lile korongo kila baada ya mvua ndipo nilipogundua kwamba maji hayali udongo sawasawa. Penye kokoto, udongo wa chini yake unasalia, wa pembeni unakwenda. Baada ya mvua kubwa nilikuta vijinguzo vya urefu wa kidole, kila kimoja na kofia yake ya jiwe.

Niliporudi Isimila nilisimama muda mrefu palepale pa kupigia picha, nikitazama kuta badala ya nguzo. Zamani pale palikuwa na ziwa la kina kifupi. Mchanga na matope vikatuama, tabaka juu ya tabaka, ziwa likakauka, halafu maji ya mto na ya mvua yakaja kuchimba upya. Nguzo ni masalia tu, yaani kile ambacho maji hayajakimaliza.

Na mmomonyoko huohuo tunaopigana nao kwa viroba ndio uliozifukua zana za mawe. Ziliokotwa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 mtafiti wa mambo ya kale kutoka Marekani, Clark Howell, akaja na wenzake kuchimba kitaalamu. Kuna mashoka ya mkono mazito ajabu, na mifupa ya viboko wa aina iliyokwisha kutoweka. Umri wa zana hizo wataalamu wanaukadiria kwa malaki ya miaka. Kwa maoni yangu, zana hizi ndizo sifa halisi ya Isimila, lakini wageni wengi huzipitia haraka wakiwahi nguzo, kwa sababu nguzo zinapendeza kwenye simu. Siwalaumu sana, shoka la jiwe ukilipiga picha linaonekana jiwe.

Ushauri wangu kwa mwenyeji mpya wa Iringa: usirudi Isimila mpaka mvua za msimu mzima zikunyeshee mjini. Mimi ndugu zangu wakija kutoka Tanga nawapitisha kwanza nyuma ya uzio, wachuchumae wavione vile vijinguzo, ndipo tukatafute usafiri. Wananung'unika kwamba hawakupanda basi kutwa nzima kuja kuoneshwa korongo la uani. Sijaacha.