Nimewekewa pesimeka, mbona moyo bado unakimbia?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 63, miezi minane iliyopita niliwekewa pesimeka (kile kifaa kidogo cha umeme cha kuusaidia moyo kupiga) baada ya kuzimia mara mbili, walisema moyo unapiga polepole mno na kuna muda unasimama kabisa sekunde kadhaa. Toka hapo sijazimia tena, namshukuru Mungu. Ila sasa kuna kitu kinanitisha, usiku nikishalala moyo unashtuka tu unaanza kudunda mbiombio bila mpangilio, dakika 20, siku nyingine saa nzima, halafu unatulia wenyewe. Mwanangu alinipima na kile kimashine cha kubana kidoleni ikasoma 140, mara 118, mara 150. Je hii pesimeka imeharibika? Au ndiyo inanikimbiza? Naogopa hata kulala.

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Kwa ulivyoeleza sioni dalili kwamba imeharibika, naona tu hukuelezwa vizuri kazi yake, na hilo kosa ni letu sisi wa hospitali.

Pesimeka inalinda upande mmoja tu, ule wa moyo kwenda polepole. Inapangiwa kiwango cha chini, mara nyingi 60 kwa dakika, moyo ukipiga wenyewe inakaa kimya, ukichelewa inausukuma kwa umeme kidogo. Basi. Moyo ukiamua kukimbia, pesimeka ya kawaida haina breki. Kipo kifaa kingine kinachofanana nayo ambacho kinaweza kupiga shoti moyo ukienda mbio ya hatari, lakini hicho huwekewa watu wenye tatizo tofauti na lako.

Na kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba moyo wa polepole na moyo wa mbio mara nyingi vinakaa kwa mtu mmoja. Ile sehemu ya juu ya moyo inayozalisha umeme ikichoka, leo inasinzia kesho inachachamaa, kwa hiyo inawezekana kabisa mbio hizi zilikuwepo hata kabla ya pesimeka, ila kuzimia ndiko kulikoonekana. Kudunda bila mpangilio na namba kurukaruka vile kunanifanya nishuku vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukaza, na ndiyo maana sitaki usubiri. Vikitetemeka damu inatuama mle ndani, inaweza kuganda, na bonge hilo la damu likipanda kichwani ni kiharusi. Wengine wanahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, inategemea umri, presha, kisukari na mengineyo, hilo ataamua daktari wako. Usianze kumeza aspirini kwa ushauri wa jirani, kwa tatizo hili haikingi vya kutosha na inaweza kukutoa damu tumboni.

Umeuliza kama inaweza kukukimbiza yenyewe. Inaweza, mara chache. Nyingi zina kihisio cha mwendo, ukitembea kwa kasi au gari likirukaruka kwenye mashimo inadhani unafanya mazoezi inaongeza mapigo, lakini wewe umelala. Nyingine ni pale inaposikia mwangwi wa pigo lake yenyewe ikalijibu kama pigo jipya, likazaa mwangwi mwingine, ikawa duara lisiloisha. Hapo lakini mapigo huwa ya mpangilio na hayapiti kikomo cha juu ilichopangiwa, mara nyingi 120 au 130. Yako yanarukaruka hadi 150, kwa hiyo silipi hilo uzito sana, na hata ikiwa ndilo linarekebishwa kwa kubadilisha mipangilio tu bila kisu.

Sasa hapa ndipo una bahati kuliko mgonjwa asiye na pesimeka. Yule mwenzako akifika kliniki moyo umeshatulia, kipimo kinatoka safi, anaambiwa ni mawazo. Wewe shahidi unaye kifuani, pesimeka nyingi huandika siku, saa, kasi na muda mbio zilivyodumu. Kwa hiyo piga simu kliniki ya pesimeka wiki hii, usingoje tarehe ya kadi, waambie wasome kumbukumbu, na uende na daftari lenye saa za kila tukio ili walinganishe. Na uulizwe habari ya kukoroma pia (muulize mzee, wewe huwezi kujua), maana pumzi kukatikakatika usingizini huchochea sana mbio za usiku. Tezi ya shingo nayo ipimwe, maana nayo inaweza kuukimbiza moyo.

Halafu dawa za kupunguza mbio, ambazo zamani daktari angeogopa kukupa zisije zikausimamisha moyo, sasa anaweza kukupa kwa kujiamini zaidi kwa sababu pesimeka imeshika chini.

Ikikuanza usiku kaa kitako, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono dakika nzima kwa kuwa hayana mpangilio, maana kile kimashine cha kidoleni kinaweza kukosea mapigo yakirukaruka. Usikandekande shingo kama wanavyoonyeshana mitandaoni. Ukipata maumivu ya kifua, pumzi kukata, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, mdomo kupinda au mkono kulegea, usihesabu chochote, wakukimbize hospitali.

SWALI: Dokta mimi pesimeka iko kushoto na simu naweka mfuko wa shati hukohuko kushoto, kuna shida?

JIBU: Itoe kaka. Iwe mbali angalau sentimita 15 na ongea kwa sikio la kulia. Simu nyingi za siku hizi zina sumaku mgongoni, na sumaku ikiwa karibu sana pesimeka inaacha kuusikiliza moyo inapiga kwa kasi moja tu mpaka uiondoe. Mfuko wa suruali unatosha.