Masika ulikuwa wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: “Nani kazini kwako alisema ukweli ambao wengine waliumeza?” Mimi namkumbuka dada mmoja, mtafiti wa uhifadhi wa samaki, tuliyefanya naye kazi hapa Mwanza miaka 11. Mwaka jana tulimvusha kwa kivuko tukamzika kwao Ukerewe.

Enzi tunaanza, kila mtu alitaka kushughulika na sangara. Ndiye mwenye viwanda, ndiye aendaye Ulaya, na fedha za utafiti zilimfuata yeye. Dagaa waliachiwa akina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Dada alisema hata mbele ya wakubwa: “Sangara anapanda ndege, dagaa wanalisha nchi. Mbona ripoti zote ni za abiria wa ndege?” Wapo waliocheka. Yeye hakuwa anachekesha.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile aliyonisema mimi. Nilikuwa nawasilisha matokeo juu ya dagaa wanaoharibika baada ya kuvuliwa. Nilikaa kwenye mialo ya Igombe na Kayenze Juni mpaka Agosti, nikapima ndoo kwa ndoo, na hasara niliyoipata ilikuwa ndogo. Akanyoosha mkono. “Mdogo wangu, hizi ni hesabu za kiangazi. Masika ulikuwa wapi?” Ukumbi kimya. Nikajibu kwamba bajeti haikutosha. Akasema basi niandike hivyo juu kabisa ya ripoti, nisithubutu kuandika “hasara ya mwaka”.

Nilimnunia miezi. Aprili akaja mezani kwangu akaniambia twende Kayenze, mafuta ya gari kanunua mwenyewe.

Asiyeishi kando ya Ziwa Victoria ajue hivi: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, maana mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa vizuri. Kwa hiyo mama mchuuzi hachagui siku. Mitumbwi ikirudi alfajiri ananunua kwa ndoo, anatandaza mchangani, na jua likiwa kali jioni anakusanya dagaa wakavu. Mvua ikishuka saa nne asubuhi, kazi imekwisha. Dagaa wanalowa, wanapasuka matumbo, wananuka, na waliokuwa chakula cha watu wanauzwa kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Deni la ndoo liko palepale.

Siku ile mvua ilitukuta. Mama mmoja alikuwa anazoa dagaa wake huku analia. Dada akavua viatu akainama kuzoa naye, mizani akaniachia mimi. Kati ya ndoo tisa za yule mama, mbili tu zilifaa kuliwa. Wengine wakaja wakamwita dada “mayu”, yaani mama kwa Kisukuma, wakaanza kumweleza ya kwao, na mimi niliyekaa pale miezi mitatu hakuna aliyewahi kuniambia hata moja ya hayo. Sikuwa nimewauliza.

Ripoti niliiandika upya. Ilichelewa mwaka mzima na sijuti.

Sisemi alipatia kila mara. Kusema mtu mbele ya watu kunaumiza, na wapo vijana wazuri waliomkimbia kwa ajili hiyo. Halafu aliviamini mno vichanja vya kuanikia dagaa. Ni kweli, kichanja kinawaepusha dagaa na mchanga, na hewa ikipita chini wanakauka upesi. Lakini nguzo na nyavu zinataka fedha, kiwanja cha mwaloni si mali ya yule mama, na kichanja hakizuii mvua. Mimi nilishikilia kwamba masika dagaa wakaangwe au wabanikwe siku ileile. Yeye akawa ananiuliza kuni zitatoka wapi, na vilima vyote vya huku ni mawe matupu.

Tulibishana hivyo miaka. Mara ya mwisho nilimkuta kitandani hospitalini, sauti imeshakauka. Alinishika mkono akauliza, “Zile kuni, umepata?”

Nikamwambia bado, dada.