Matunzo ya Mtoto Hayasubiri Ugomvi wa Wazazi Uishe

Swali ambalo wazazi wenzangu huniuliza mara nyingi kuliko jingine lolote ni hili: baba asiyetoa hela ya matumizi ana haki gani ya kuja kumwona mtoto? Akina baba nao huniuliza lile lile kutoka upande wa pili: nikinyimwa kumwona mwanangu, kwa nini niendelee kutuma fedha? Nimemlea binti yangu tangu akiwa mchanga bila kuishi na baba yake, nikapita katika ofisi ya ustawi wa jamii hapa Morogoro na baadaye mbele ya hakimu, na tangu wakati huo nimewasindikiza ndugu na majirani kadhaa katika njia hiyo hiyo. Jibu ninalowapa wote ni moja. Nani ni mzazi, mtoto akae na nani, nani amtembelee na lini, na nani atoe kiasi gani ni maombi tofauti kwa mujibu wa sheria. Yanaweza kupelekwa mahakamani kwa pamoja, lakini kila moja hupimwa kwa kigezo chake, na kushindwa kwa mzazi katika moja hakumpi mzazi mwenzake ruhusa ya kumwadhibu mtoto katika jingine.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa haya yote ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. (Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba aulize huko kabla ya kufuata ninayoyaeleza hapa.) Sheria hiyo inamtaja mtoto kama mwenye haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, uhuru, na muda wa kucheza na kupumzika, na inawatwika wazazi wajibu wa kumpatia hayo. Haki hiyo ni ya mtoto. Mama anayepokea fedha anazipokea kwa niaba yake, na ndiyo maana hana mamlaka ya kuzisamehe kwa hasira akisema hataki hata senti ya mwanamume huyo, wala baba hana mamlaka ya kuzisimamisha kwa kuwa amenyimwa wikiendi moja ya kukaa na mwanawe. Nimesikia kauli zote mbili zikisemwa kwa fahari kubwa, na katika kila tukio aliyekosa viatu vya shule alikuwa mtoto ambaye hakuulizwa.

Kabla ya kufikiria mahakama, anza katika ofisi ya Afisa Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako. Watu wengi hukimbilia polisi, na wengine huishia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye anaweza kusaidia kupatanisha na kuandika barua ya utambulisho lakini hana uwezo wa kutoa amri ya matunzo. Afisa Ustawi humwita mzazi mwenzio kwa barua, huwasikiliza wote wawili, na mkikubaliana huandika makubaliano ambayo mnayasaini. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto au tangazo la kizazi kama cheti hakijatoka, kadi ya kliniki, kitambulisho chako, na namba ya simu ya mzazi mwenzio pamoja na mahali anapoishi au anapofanyia kazi, kwa sababu wito usiofika kwa mhusika hauna faida yoyote.

Yasome makubaliano hayo kwa utulivu kabla ya kuweka saini, hata kama mmekaa hapo tangu asubuhi na kila mtu anataka kuondoka. Dada mmoja niliyemsindikiza alikuwa na karatasi iliyosema kwamba baba “atatoa matunzo kadiri ya uwezo wake”, na kwa mwaka mzima uwezo huo haukuonekana. Tulipoipeleka mbele, hakukuwa na kiasi, tarehe wala njia ya malipo ambayo mtu yeyote angeweza kusema imevunjwa. Makubaliano yenye nguvu hutaja kiasi kwa mwezi, siku ya kulipa, namba ya simu au akaunti itakayopokea, nani analipia sare na michango ya shule, nani anabeba gharama mtoto akilazwa, na itakuwaje mzazi mmoja akipoteza kazi. Fedha zipite kwenye simu au benki ili kila muamala uache kumbukumbu, na ninawasisitizia hili akina baba hasa, kwa sababu nimemwona baba mwaminifu akishindwa kuthibitisha mahitaji aliyokuwa akiyapeleka mkononi mwezi hadi mwezi.

Kuhusu kiasi, ninaomba msomaji asahau hadithi ya shilingi mia. Ni kweli kwamba sheria ya enzi za ukoloni iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulibaki kwenye vitabu hadi sheria ya 2009 ilipoifuta, lakini leo hakuna kiwango kilichopangwa. Hakimu hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, kupungua kwa uwezo wa mmoja wao wa kujipatia kipato, watoto wengine wanaomtegemea kila mmoja, gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, na haki za mtoto mwenyewe. Kwa hiyo anayesimama na kusema tu “naomba laki tatu” anamwachia hakimu kazi ya kukisia. Andika hesabu ya mwezi mzima: unga, mchele, maziwa, mafuta, sehemu ya kodi ya nyumba inayomhusu mtoto, nauli, sabuni, nguo, dawa, na unachomlipa dada wa kazi au jirani akae naye unapokuwa kazini. Ambatisha risiti ulizonazo. Katika shauri letu upande wa pili ulisema elimu ni bure, na ni kweli kwamba tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali, ila madaftari, sare, chakula cha mchana na masomo ya ziada havikuondolewa pamoja nayo, na hesabu iliyoandikwa ndiyo iliyolionyesha hilo waziwazi kuliko maneno yangu yote.

Hesabu hiyo iweke pia mchango wako. Sheria inatazama pande zote mbili, na mama mwenye duka au mshahara anayejifanya hana kitu hupoteza imani ya hakimu mapema kabisa.

Sasa nije kwenye ubaba, ambako maneno makali husemwa na machozi mengi hutoka. Mwanamume akimkana mtoto, maombi ya kuthibitisha uzazi yanaweza kupelekwa na mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au Afisa Ustawi wa Jamii, na yanaweza kufunguliwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Ikiwa anayedaiwa kuwa mzazi amefariki, kuna muda wa miaka 3 tangu kifo chake, jambo ambalo familia nyingi hulijua wakati mirathi imeshagawanywa. Ushahidi unaozingatiwa ni mpana kuliko watu wanavyodhani: jina la mzazi katika daftari la vizazi, mila aliyoitimiza baba kwa ajili ya mtoto huyo, kumtambua mtoto hadharani, matokeo ya kipimo cha vinasaba (DNA), na hata kitendo cha mtu kukataa kupimwa. Ujumbe wa simu alioandika “mwanangu anaendeleaje”, picha za siku ya kumtoa mtoto nje, ndugu zake waliokuja kumtazama mtoto na kumpa jina la bibi yao: hivyo vyote vihifadhi.

Kuna muda mwingine ambao ninautaja kwa kila mama mjamzito anayenijia. Maombi ya matunzo dhidi ya mwanamume anayedaiwa kuwa baba yanapaswa kufunguliwa kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya miezi 24 baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo mlango haufungwi kabisa, lakini itakupasa kuonyesha kwamba ndani ya miezi hiyo 24 mwanamume huyo alitoa fedha za matunzo, au kwamba aliondoka nchini katika kipindi hicho na maombi yamekuja ndani ya miezi 24 tangu arejee. Kwa sababu hiyo, ule muamala mdogo wa elfu kumi uliotumwa mtoto akiwa na miezi minne unaweza kuwa na thamani kubwa mbele ya sheria. Omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu mapema, kabla laini haijapotea au kumbukumbu hazijawa ngumu kupatikana. Ninaelewa kwa nini akina mama husubiri. Wanatumaini kwamba mwenzao atabadilika, na familia zinawaambia wavumilie. Subira hiyo ina gharama ya kisheria, na ni lazima ijulikane.

Kipimo cha vinasaba chenyewe hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu hawezi kuingia pale na mtoto mgongoni akaomba apimiwe. Maombi hupitia kwa mamlaka inayotambuliwa na sheria ya vinasaba ya mwaka 2009, kama vile mahakama, Afisa Ustawi wa Jamii au wakili, na majibu hurudi kwa aliyeomba. Ninawashauri akina baba wenye mashaka watumie njia hiyo na waache kumchunguza mtoto masikio na vidole mbele ya wageni. Mashaka ni haki yako, na sheria imekupa mahali pa kuyapeleka. Hata hivyo, mtoto wa miaka sita anayesikia “sijui kama huyu ni wangu” atalibeba neno hilo hata baada ya majibu kutoka na kuonyesha kwamba ni wako.

Nimeona hofu nyingi zikijengwa juu ya umri wa miaka saba. Imezoeleka kusemwa kwamba mtoto akifikisha saba baba anakuja kumchukua, na kuna akina mama wanaoishi wakihesabu siku za kuzaliwa za watoto wao kama watu wanaongoja hukumu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema jambo tofauti. Inaweka dhana, ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, na inaikumbusha mahakama madhara ya kumhamisha mtoto huku na huko. Haisemi popote kwamba siku ya kutimiza saba mtoto anakuwa mali ya baba. Kinachotangulia katika kila umri ni ustawi wa mtoto, na Sheria ya Mtoto inaongeza mambo ya kuzingatia: umri na jinsia yake, umuhimu wa kuwa na mama yake, maoni yake mwenyewe yakiwa yametolewa kwa uhuru, faida ya ndugu kukaa pamoja, na mwendelezo wa malezi aliyoyazoea. Baba aliyemlea vizuri mtoto kwa miaka mingi ana hoja nzito. Baba aliyetokea kwa sababu tu umri umefika hana. Na mtu yeyote asimchukue mtoto kwa nguvu shuleni au njiani, kwa kuwa kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye uangalizi wake ni kosa, hata kwa mzazi.

Mzazi asiyekaa na mtoto anaweza kuomba amri ya kumtembelea, na ninaamini kwa dhati kwamba anayekaa naye hapaswi kuipinga isipokuwa kuna hatari ya kweli: kipigo, ulevi unaomweka mtoto hatarini, au tishio la kumtorosha. Hatari hiyo ikiwepo, iseme kwa Afisa Ustawi na mahakamani, kwa sababu yanaweza kuwekwa masharti, kama vile kuonana mbele ya mtu mwingine. Kama hatari haipo, pangeni saa na mahali, na mweleze mtoto mapema. Binti yangu alikwenda kwa baba yake likizo hata katika miezi ambayo matunzo yalichelewa, na madai ya malimbikizo niliyafuatilia kwa Afisa Ustawi bila mtoto kujua.

Shauri likifika mahakamani, mtoto analindwa: Mahakama ya Watoto husikiliza faraghani, Afisa Ustawi akiwepo, na hakimu anaweza kuamuru matunzo yalipwe kila mwezi au kwa mkupuo, na kuamuru mshahara wa mdaiwa ukatwe pale anaposhindwa kutimiza wajibu. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo pia imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko katika ngazi za chini, na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, yaani TAWLA, hushughulikia mashauri ya namna hii. Mtoto akiwa katika hatari ya haraka, simu ya bure ya 116 inapokelewa.

Amri ya matunzo kwa kawaida hudumu hadi mtoto afikishe miaka 18, na mahakama inaweza kuiendeleza akiwa bado masomoni. Kati ya sasa na wakati huo bei zitapanda, mmoja wenu atapata au kupoteza kazi, na mtoto wa chekechea atakuwa wa kidato cha tatu. Mabadiliko hayo yakija, rudi katika mahakama ile ile na uombe amri ibadilishwe, ukiwa na hesabu mpya ya mwezi na taarifa ya miamala ya miezi iliyopita, na hadi amri mpya itakapotolewa endelea kuifuata ile iliyopo.