Kabla hujailaumu hedi gasketi ya Subaru, tazama maji

Jirani yangu anataka kuuza Forester yake. Haina ubovu wowote, ameogopeshwa tu. Kila anayemwona akiingia nayo kwenye ploti anamwambia injini za boksa hufilisi watu, kwamba hedi gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyoifunika, itaungua siku moja na atabaki na chuma cha kuuza kwa kilo. Nimemwomba asubiri wiki moja. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza Jumapili, tukiwa tumeinamia injini yangu.

Yangu ni Forester ya 2003, EJ20 isiyo na tabo. Niliinunua ikiwa na kilomita 142,000 na sasa imepita 260,000. Injini za ukoo wa EJ zilianza na Legacy ya 1989 na ziliendelea kuundwa kwa miaka thelathini hivi, ndiyo maana vipuri vyake havikosekani Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na mafundi waliokwisha kuzifungua mara nyingi wamejaa mjini.

Kitu cha kwanza kuelewa ni namna ilivyolala. Silinda mbili ziko kushoto, mbili kulia, na pistoni zinasukumana kwenda nje na kurudi ndani kama mabondia wawili, ndiyo maana ikaitwa boksa. Uzito unakaa chini, gari linashika kona vizuri, na mtetemo ni mdogo. Lakini hedi ni mbili, gasketi ni mbili, na maji na oili hulalia ukingo wa chini wa gasketi hizo hata gari likiwa limezimwa. Kinachovuja kinavujia chini, upande ambao hutauona kwa kufungua boneti peke yake. Ni lazima uiname.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wa pili nikiwa nalo, rejeta ilipasuka. Gereji moja ikanibadilishia, ikamimina maji, ikafunga kifuniko, nikaambiwa niende. Kazi ya dakika kumi. Wikendi hiyo nikaenda Nakuru kumwona mama. Kwenda hakukuwa na shida. Kurudi, tukipanda Kinungi jioni na baridi imeanza, nikawasha hita. Ikatoa hewa baridi. Nikasema moyoni hita imeharibika, nitaishughulikia mwezi ujao, nikaendelea kukanyaga. Muda si mrefu mshale wa joto ukaruka kutoka katikati hadi juu, na kabla sijapata pa kuegesha mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa boneti.

Hita inapotoa baridi huku injini ina moto, maana yake maji hayafiki kule. Kuna hewa. Laiti ningesimama papo hapo nikazima injini, huenda gasketi zangu zingepona. Tafadhali, hilo moja lishike hata ukisahau mengine yote.

Gari lilivutwa hadi Grogan, mtaa wa gereji Nairobi, kwa mzee mmoja ambaye amefungua boksa tangu zile Legacy za kwanza. Alishusha injini nzima, akatoa hedi zote mbili, akazipeleka kusawazishwa, na akakataa katakata ninunue gasketi za bei rahisi. Alitaka zile za chuma za tabaka kadhaa. Nilipomuuliza kama kweli injini hizi ni mbovu, hakuinua macho. "Kijana wangu, hii ilikuwa imejaa hewa. Wewe uliipika."

Siku ya kujaza maji nilikaa nikamtazama. Aliinua pua ya gari kwa jeki. Juu ya rejeta, pembeni, kuna skrubu ndogo ya plastiki ambayo nilikuwa sijawahi kuiona, akaifungua. Akawa anamimina kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini, kwa kikombe, kidogo kidogo, huku mkono wa kushoto unakamua mpira wa juu wa rejeta kama anayekamua ng'ombe. Kila akikamua, viputo vinapanda. Akasubiri, akamimina, akakamua tena. Kulanti ilipoanza kutoka kwenye tundu la skrubu bila kiputo hata kimoja, akaifunga, akawasha gari na kuweka hita kwenye joto la mwisho, akangoja feni izunguke mara mbili. Kisha akazima, akaacha injini ipoe, akaongeza tena. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Fundi akikuharakishia kazi hii, mwambie huna haraka.

Kifuniko cha rejeta nacho watu hukidharau. Nairobi iko juu sana, karibu mita 1,800, na maji ya sufuria hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kinachozuia maji ya injini yasichemke mapema ni shinikizo, na shinikizo hilo linashikwa na kifuniko. Mpira wake ukilegea, msongamano wa Waiyaki Way unatosha kukuchemshia gari. Ni kipuri cha bei ndogo, kibadilishe.

Na usikubali themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, itolewe. Utaambiwa "hapa ni Afrika, haina kazi". Kwenye EJ iko chini, pale maji yanapoingilia wota pampu, na ikifunguka huziba ile njia ya mkato isiyopitia rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji itazunguka bila kupoozwa. Maji ya bomba au ya kisima nayo yaache kwa dharura. Yanaleta kutu na magamba ndani. Mimi nimerudi kwenye kulanti na siibadilishi kwa kitu kingine.

Oili ni lita nne hivi, na kwa foleni zetu mimi hubadilisha kila kilomita 5,000. Pima Jumamosi asubuhi, injini baridi, mahali tambarare, kwa sababu mteremko mdogo unadanganya dipstiki. EJ iliyozeeka hunywa oili kidogo. Ukiiacha ishuke sana beringi za krenki zitaanza kugonga, na hapo hakuna rufaa. Ukisikia harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye taa, mara nyingi ni gasketi za vifuniko vya valvu zinazodondosha juu ya ekzosi. Hiyo si ajali, ila usiiache mwaka mzima. Plagi ziko ubavuni, zinasumbua kufikiwa, kwa hiyo mafundi wavivu hukuambia bado ziko sawa.

Mkanda wa taiming, unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ndio unaozungusha wota pampu, kwa hiyo badilisha vyote pamoja na tensha na roli zake. Ukikatika, kwenye EJ nyingi za miaka hii valvu hukutana na pistoni. Magari mengi yaliyotunzwa Japani huwa na stika ndani ya boneti inayoonyesha tarehe na kilomita za mkanda wa mwisho.

Tulimaliza kwa kufungua boneti ya jirani. Kichupa cha akiba kilikuwa na maji ya rangi ya chai, lakini tuliiacha inguruma hadi ikapata moto na hakuna kiputo kilichotokea humo, kama ambavyo gasketi iliyoungua ingeleta. Chini ya hedi palikuwa pakavu pande zote mbili. Nilipapasa kwa kidole. Stika ya mkanda tuliitafuta kwa tochi ya simu, hatukuiona. Jumamosi tunaenda Barabara ya Kirinyaga kutafuta mkanda.